Simu nafuu ya kibodi inashtakiwa kwa kosa lisilo lake

Kila inapotoka simu mpya yenye vitufe vya herufi chini ya kioo, hukumu huwa imeshaandikwa. Ni simu ya watu walioshindwa kuiaga BlackBerry, zile simu za vitufe zilizotamba zamani. Kioo chake kidogo, kamera yake ya kubahatisha, na siku hizi kila mtu anaandika upesi tu kwenye kioo kitupu. Ikiwa simu yenyewe ni ya bei nafuu, wachambuzi huzidisha ukali: kwa fedha hizohizo, kwa nini usichukue simu ya kawaida yenye kioo kikubwa?

Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba wanaoitetea simu hiyo na wanaoiponda wanabishania jambo moja, kasi ya kuandika, na kwenye kasi watetezi wameshashindwa. Heri wakubali mapema.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, pamoja na wenzao wa Cambridge na ETH Zurich, walitoa matokeo ya kupima uandishi wa watu zaidi ya 37,000, kila mmoja akitumia simu yake. Wastani ulikuwa maneno 36.2 kwa dakika, na waliotumia vidole gumba viwili walifika kama 38. Mwaka mmoja kabla, utafiti mkubwa wa kibodi za kompyuta uliohusisha watu 168,000 ulikuwa umepata wastani wa maneno 52. Kwa hiyo kidole kwenye kioo kitupu kimeikaribia meza ya kompyuta kuliko wengi walivyotarajia mwaka 2007 iPhone ilipozinduliwa. Mtu anayesema leo kwamba kioo hakiandikiki anazungumzia simu za zamani.

Lakini utafiti huohuo una sehemu ambayo hainukuliwi sana. Walioacha simu iwasahihishie maneno yenyewe waliandika haraka zaidi. Waliokuwa wakichagua maneno kwenye orodha ya mapendekezo hawakupata faida hiyo, kwani kusoma orodha na kuamua kunakula muda uleule uliokusudiwa kuokolewa. Na sentensi walizopewa kunakili zilikuwa za Kiingereza.

Hapo ndipo mimi hukwama kila ninaposikia kwamba suala hili lilishamalizwa. Kasi ya kioo haitoki kwenye kidole peke yake. Kidole huangukia karibu na herufi, kisha kamusi iliyo nyuma ya kioo hukisia ulitaka kusema nini. Kamusi ikiijua lugha yako vizuri, makosa yako yanafutwa kabla hujayaona, nawe unajiona fundi. Kamusi isipoijua, kila neno ni mvutano. Na kuijua lugha si rahisi sawa kwa lugha zote. Katika Kiswahili, Kizulu, Kituruki au Kifini, kitenzi kimoja kinavishwa viambishi na kuzaa maumbo kwa mamia. Nitakapokuandikia, hawajatuandikia, tungeandikiana: yote ni sahihi, yote yanatoka kwenye mzizi mmoja, na hakuna orodha ya maneno inayoweza kuyaweka yote. Simu huliona umbo isilolijua kuwa kosa, ikalibadilisha liwe neno jingine, wakati mwingine la lugha nyingine kabisa, na ujumbe ukaondoka hivyo. Anayechanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja, na wapo wengi duniani, anapigwa mara mbili.

Mtu huyo mwishowe huzima masahihisho. Akishazima, kasi ile ya maneno 36 au 38 haimhusu tena. Amebaki na kioo laini kisichomwambia kidole kiko wapi, bila msaidizi aliyefanya kioo hicho kivumilike. Kwa mtu huyu kitufe kina maana nyingine kabisa. Kitufe hakikisii. Ukibonyeza N unapata N, na kidole kinaujua ukingo wa N kwa kuugusa, bila jicho kushuka chini kuhakikisha. Sisemi ataandika haraka zaidi. Huenda akawa polepole kidogo. Ninachosema ni kwamba anachokiandika ndicho kinachofika.

Hata mwandishi wa Kiingereza huingia kwenye hali hiyo mara nyingi kuliko anavyodhani. Nywila haikisiwi. Jina la mtu halikisiwi vizuri. Namba ya marejeo ya malipo, anwani ya barua pepe, msimbo mrefu wenye herufi na tarakimu: vyote hivi kamusi haina la kusaidia. Tena kuna vidole vyenyewe. Kioo cha simu hutambua mguso kwa kuhisi kidole kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye kioo chenyewe. Matone ya maji yanakichanganya na glavu ya kawaida inakizuia. Kitufe kinahitaji kusukumwa tu. Mwenye mikono inayotetemeka, au macho yaliyopungua nguvu, anaweza kuegemeza kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza, jambo lisilowezekana kwenye kioo, ambako kuegemea ni kuandika.

Sasa niwavunje moyo kidogo watetezi wenzangu. Wengi wetu hupenda kusema kwamba kibodi ya vitufe inayaacha wazi mazungumzo yote unayoyajibu, wakati kibodi ya kwenye kioo inafunika nusu. Hesabu haikubali. Chukua simu ya kawaida ya inchi 6.5 yenye uwiano wa 20:9: kioo chake kina karibu inchi za mraba 15.8. Kibodi ikila asilimia 40, zinabaki kama 9.5. BlackBerry KEY2 LE ya mwaka 2018, yenye kioo cha inchi 4.5, ina takriban 9.3. Wamelingana, na hapo mwenye kioo kitupu anaandika. Akimaliza kuandika anarudishiwa eneo lote, mwenzake habaki na cha ziada. Titan Pocket ya Unihertz, iliyotoka 2021 na kioo cha mraba cha inchi 3.1, haifiki hata inchi za mraba 5. Hoja ya nafasi ni ya upande wa pili, wapewe. Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, aliisema siku ile ya kuzindua iPhone: vitufe hubaki pale uvihitaji usivihitaji. Miaka imepita na bado ni kweli.

Upande huo wana hoja nyingine pia. Kibodi ya kioo hubadilika kutoka hati ya Kilatini kwenda ya Kiarabu kwa mguso mmoja, ilhali ya vitufe imechongwa kiwandani na mtengenezaji analazimika kuhifadhi aina tofauti kwa kila soko. Na wengi hawaandiki tena, wanarekodi sauti. Hilo siliongezei neno, ila tu kwamba anayepokea dakika nne za sauti akiwa kwenye kikao angependa mistari miwili ya maandishi.

Turudi kwenye neno nafuu, maana ndilo linaloamua. Simu ya bei ya chini lazima ikatwe mahali, na ubora wa mtengenezaji unaonekana kwenye alichokiacha. BlackBerry Curve 8520 ya mwaka 2009 haikuwa na 3G, kamera yake ilikuwa ya megapikseli 2 bila taa, lakini Wi-Fi ilikuwepo na kibodi haikuguswa. Ilikuwa simu ya kuandikia, na kuandika ndiko kulikolindwa. KEY2 LE ilitoka kwa dola 399 wakati KEY2 yenyewe iliuzwa 649. Prosesa ilishushwa, betri ikatoka 3,500 hadi 3,000 mAh, na vitufe vikapoteza uwezo wa kuhisi kidole kinachoteleza juu yake. Huo ujanja wa kuteleza niliupenda, lakini nakiri unaweza kuandika maisha yako yote bila kuuhitaji. Njia za mkato zilibaki: herufi moja ikibonyezwa inafungua programu, ikishikiliwa inafungua nyingine.

Mkato usiosameheka ni mwingine, na hauonekani dukani.

Mwaka 2013 Nokia ilitoa Asha 210, simu ya bei ndogo yenye kibodi kamili, na toleo lake moja lilikuwa na kitufe maalumu cha WhatsApp. Lilikuwa wazo zuri sana kwa mtu anayenunua simu kwa ajili ya meseji. Mwishoni mwa Desemba 2018 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye mfumo wa S40 uliotumiwa na simu hiyo. Kitufe kilibaki palepale, kikibonyea vizuri, na nyuma yake hakuna kitu. BlackBerry za mifumo ya kale zilikuwa zimetangulia: WhatsApp iliziacha mwisho wa 2017, BBM, huduma ya meseji ya BlackBerry, kwa watu wa kawaida ikafungwa tarehe 31 Mei 2019, na tarehe 4 Januari 2022 kampuni ikazima huduma zilizokuwa zikizitegemeza, hata kupiga simu kukawa hakuna uhakika. Zile za Android hazikuguswa na hatua hiyo. Lakini KEY2 LE, iliyotoka na Android 8.1, haikupandishwa rasmi kwenda 9.

Ndiyo maana naona ukubwa wa kioo unapewa lawama isiyo yake. Hakuna Curve niliyoisikia imekufa kwa sababu kioo kilikuwa kidogo. Zilikufa vitufe vikiwa hai. Simu ya kuandikia meseji ina maisha marefu sawa na programu za meseji zinazokubali kuingia ndani yake, na wanaotengeneza simu za aina hii sasa ni wachache, tangu kampuni ya TCL ilipoacha kuuza zile zenye jina la BlackBerry Agosti 2020. Soko dogo, kampuni ndogo, wahandisi wachache wa kusasisha mfumo. Ninayemwona akivutwa na simu hizi nafuu ningemshauri aanze na toleo la Android, kisha ahadi ya masasisho ya usalama, kisha masafa ya mtandao, na vitufe aviguse mwisho, maana akivigusa mwanzo hatauliza mengine.

Kuna waliojaribu kulikwepa kaburi hilo kwa kutenganisha vitufe na simu. Tangu 2024 kampuni ya Clicks inauza kava lenye kibodi linalovishwa iPhone, hivyo programu zinaendelea kusasishwa na simu yenyewe. Ni suluhisho zuri, isipokuwa kava lilianza kwa dola 139 bila simu, na kila kava limechongwa kwa umbo la simu fulani tu. Ukibadilisha simu, vitufe navyo vinabaki na ile ya zamani. Kwa mwenye bajeti ndogo hiyo si njia bado. Yeye anabaki na simu kamili ya kibodi, na kama anaandika kuliko anavyotazama, katika lugha ambayo kamusi ya simu haiijui vizuri, ningemwambia aichukue iwapo masasisho yameahidiwa kwa maandishi kwa miaka mitatu hivi. Yakiwa hayajaahidiwa, aiache hata bei ikishushwa.