Mgeni Mwenye Herufi

Ndugu zangu wakalimani wa kambi za vijana, mnaosimama kushoto kwa wageni kila Juni shule zikifungwa, leo nina neno. Mgeni wa mahubiri namuweza. Mgeni wa michezo namuweza. Mgeni wa herufi, hapana, huyo arudishwe uwanja wa ndege wa KIA, aondoke na ndege ileile.

Mnamjua. Anasimama mbele ya vijana 120 chini ya turubai, anafungua makapeni, anaandika kwenye bango kitita herufi tatu, moja chini ya nyingine: J, O, Y. Neno lenyewe ni la Kiingereza, maana yake furaha. Kwao J ni "Jesus," yaani Yesu, O ni "others," watu wengine, Y ni "you," wewe. Yesu kwanza, wengine wafuate, wewe ukae mwisho. Somo zuri, limenyooka, huko kwao wanalijua tangu chekechea.

Haya, tafsiri. Ukisema "J ni Yesu," mstari wa mbele wanatazamana, maana Yesu wanayemjua wao anaanza na Y. Na hiyo Y wanaiona, ipo pale chini kabisa. Kijana wa Sakina ananyoosha mkono: "Mtumishi, kwa hiyo Yesu ndiye wa mwisho?" Mgeni anafurahi kuona mkono, anauliza kijana kasema nini. Ukimwambia ukweli, ataanza upya kutoka J, na maharage yanapoa. Ukimwambia "amebarikiwa," atamwita mbele ashuhudie. Ashuhudie nini sasa? Na atashuhudia, maana maiki hawa wanaipenda kuliko chapati. Basi unajaribu kuokoa jahazi kwa furaha ya Kiswahili. Ina herufi sita, mgeni kaja na mambo matatu. Zinazobaki hazina kazi, na yule kijana keshaanza kuzipa: "H ni hela, mtumishi?"

Jamani!

Dawa ipo, na kila mwaka tunaisema. Jioni ya kuamkia somo, nusu saa mezani na mgeni. Atoe mistari yake ya Biblia mapema, uiwekee alama kwenye Biblia ya Kiswahili, usije ukabaki kuitunga mwenyewe madhabahuni. Utani nao uletwe ukaguliwe. Aseme sentensi moja au mbili, anyamaze, asikusubirishe mpaka aya nzima iishe ndipo akugeukie kama kasema neno moja. Somo la dakika 20 lihesabiwe 40, na mama wa jikoni aambiwe. Herufi zote zife usiku huo. Lakini jioni hiyo wageni wamechoka na safari, saa mbili wamelala.

Saa mbili! Hilo nalo. Ratiba yao inasema 2:00 mchana, ulimi unateleza unatangaza saa mbili badala ya saa nane, kesho yake vijana wamepanga foleni asubuhi kusubiri mpira wa alasiri. Kutoa sita na kujumlisha sita ni hesabu ya darasa la kwanza, mpaka uifanye una njaa.

Dada mkalimani naye, sheria ya kazi inamtaka aseme kwa nafsi ya msemaji, basi anatamka "mimi na mke wangu" na kambi nzima inalala chini kwa kicheko. Mgeni anadhani utani wake umefika.

Akijikwaa kwenye kamba ya hema, uwanja wote unasema "pole." Kwake hiyo ni "sorry," wanaomba radhi, basi anageuka kuwahakikishia watu 120 kwamba si kosa lao. Kaitafsiri hiyo.

Na baridi je? Wanaambiwa Afrika ni joto, wanashuka na kaptula Julai, asubuhi ukungu umekaa huku Usa River, jirani na Arusha, huoni hata choo kilipo. Sweta linaloazimwa ni la nani? La mkalimani. Siku ya kuagana mkalimani huyohuyo analipwa fulana ya kambi, saizi ya mtu aliyeghairi safari, mnaingia wawili mkibanana kidogo. Ukiifua mara mbili inafaa deki. Sweta, mara ya mwisho kuonekana, lilikuwa linapanda ngazi za ndege.