Mtoto wa Kiume Kuvaa Gauni Ilikuwa Akili ya Ushonaji

Ile picha ya Franklin Roosevelt akiwa mtoto imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Ilipigwa mwaka 1884, rais huyo wa baadaye wa Marekani akiwa na miaka miwili na nusu: gauni jeupe, nywele ndefu, kofia yenye manyoya mapajani. Chini yake watu wanaandika yale yale, kwamba wazazi wake walitaka binti, kwamba mtoto alidhalilishwa. Imenikera. Nimekulia pembeni ya cherehani ya mama, na yeyote aliyewahi kumshonea mtoto ataona kwenye picha ile kitu tofauti kabisa.

Enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, Uingereza na Marekani watoto wadogo walivaa gauni, wa kike na wa kiume. Wa kiume alivishwa suruali akifika miaka minne au mitano, wengine hata saba, na siku hiyo ilikuwa siku kubwa nyumbani. Kabla ya hapo suruali ya nini? Ilifungwa kwa vifungo, haina zipu. Mtoto wa miaka mitatu aliyebanwa na haja atavifungua saa ngapi? Na mwenye nepi za kitambaa je? Gauni linainuliwa tu, mtoto anabadilishwa, basi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba magauni yale yalishonwa yakue pamoja na mtoto. Tazameni mengi ya yale yaliyohifadhiwa: juu ya upindo kuna mikunjo myembamba iliyoshonwa kuizunguka sketi, mmoja juu ya mwingine. Mtu hudhani ni urembo mtupu. Ni akiba ya kitambaa! Mtoto akirefuka, mama anafumua mkunjo mmoja, gauni linashuka. Akirefuka tena, anafumua mwingine. Shingoni na kiunoni ilipitishwa kamba, mtoto akinenepa inalegezwa. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya mkunjo hakipauki sawa na kilichopigwa jua, kwa hiyo mkunjo ukifumuliwa unabaki mstari. Palepale juu ya mstari walishonea utepe, na gauni likaonekana limepambwa upya. Mwenyewe akilizidi, linamngoja mdogo wake, awe wa kike au wa kiume. Kitambaa kilikuwa ghali, mikono ya mama ilikuwepo nyumbani, na watoto walikuwa wengi. Hesabu hiyo ilipigwa na wanawake ambao hakuna anayewataja, na mimi naiheshimu kuliko mtindo wowote wa mabibi wakubwa wa wakati ule.

Cherehani ya Singer ilipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1851. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts, akaanza kuuza karatasi za kukatia nguo zenye saizi tofauti. Mama asiye fundi naye akaweza kumkatia mwanawe nguo ikakaa.

Haya, nakubali, si yote yalikuwa mema. Wasichana wadogo walivishwa vibana kiuno. Flaneleti, pamba laini ya bei nafuu, ilishika moto upesi na watoto wa maskini waliungua mbele ya meko. Na huohuo mwaka 1863, Mary Ann Walkley, mshonaji wa London mwenye miaka 20, alikufa baada ya kushona zaidi ya saa 26 mfululizo, magauni ya mabibi. Sitetei enzi nzima. Natetea gauni la mtoto.

Mama alikuwa akiacha upindo wa vidole vinne kwenye kila sketi ya shule, na mishono ya ubavuni aliiachia nafasi ya kutanuliwa. Wateja walilalamika kwamba anakula kitambaa. Mwaka uliofuata walirudi kushushiwa upindo, na sketi ilienda mwaka mwingine. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua sketi ya binti yangu dukani, imeshonwa tayari. Nimeigeuza ndani: upindo haufiki hata kidole kimoja, ubavuni imekatwa na kupigwa ovaloki hadi kwenye mshono wenyewe. Sasa magoti yako nje, mwalimu amelalamika, na hakuna pa kufumua. Mzazi wa watoto wanne anunue mpya kila mwaka kwa hela gani? Safari ijayo nanunua kitambaa, nampelekea fundi wa mtaani, na vidole vinne vya upindo nitavipima mwenyewe kabla hajapiga mshono.