Mkitaka kumtimua Mwalimu, nisikilizeni kwanza

Kaka yangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka Ilomba, Mbeya. Timu yetu ya mtaani imepigwa tatu bila, wazee wa timu wamekaa kikao, na wanaona Mwalimu, kocha wetu, apumzike. Timu hiyo anayo tangu mimi niko darasa la tano. Wamepata kijana mwenye leseni ya ukocha, ana laptopu, anaongea vizuri.

Mimi nipo Freiburg, kusini mwa Ujerumani, tangu 2014. Ni mji wa milima na baridi, kwa hiyo mtu wa Mbeya hapati shida sana. Mwanzoni nilikuwa naosha vyombo mgahawani. Mei 2015 timu ya hapa, SC Freiburg, ilifungwa 2-1 na Hannover siku ya mwisho ya ligi, ikashuka daraja. Tulikuwa tunasikiliza redioni jikoni. Mpishi akazima redio, akaendelea kumenya viazi. Nikamuuliza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza: kocha anafukuzwa kesho? Akasema, "Kwa nini?" Hakuwa ananitania. Alisubiri kabisa nimpe sababu, na mimi sikuwa nayo zaidi ya kwamba kwetu ndivyo inavyokuwa.

Kocha huyo, Christian Streich, alibaki. Mwaka uliofuata akairudisha timu ikiwa bingwa wa daraja la pili, na 2022 akaifikisha fainali ya Kombe la Ujerumani. Klabu hiyo alikuwa ameanza kuifundishia vijana mwaka 1995. Kazini alikuwa anakwenda kwa baiskeli.

Najua mtasema nimeshakuwa Mzungu. Jamani, sisemi Wajerumani wana subira kutuzidi. Zipo klabu hapahapa zinazobadilisha makocha kama mashati. Ila hapa timu ikifungwa, wachezaji wamelipwa, wamekula, wamelala, wamesafiri vizuri, kwa hiyo ukimlaumu kocha unajua unamlaumu kwa lipi. Kwetu mchezaji anashuka kwenye Coaster miguu imevimba, posho ya mechi mbili hajaiona, halafu akipigwa tunasema mfumo wa mwalimu umepitwa na wakati. Kumtimua kocha ndiyo kazi pekee ambayo kikao kimoja kinaweza kuimaliza. Nauli haimalizwi na kikao.

Na mbona mfano tunao wenyewe? Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu ilishika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza, 2013/14, mbele ya Simba, ikiwa chini ya Juma Mwambusi. Uwanja wa Sokoine ulikuwa zambarau tupu. Hawakuwa na majina makubwa, lakini walikuwa wanajuana. Mwaka 2015 Mwambusi akaenda Yanga. Sisemi kuondoka kwake ndiko kulikoishusha timu 2023, miaka minane ni mingi, ila raha ile ya msimu wa kwanza mimi sijaiona tena.

Wanaotaka Mwalimu wetu aondoke wana hoja pia. Anafoka mno, na watoto wa siku hizi hawafokewi. Mfumo wake wa nne-nne-mbili ni uleule wa enzi zetu. Leseni hana. Kaka aliniambia na lingine lililoniuma: "Wewe umetuma jezi mara moja, sasa unataka kutuamulia?" Kweli tupu.

Lakini hata Streich hakukaa milele. Machi 2024 alitangaza mwenyewe kwamba mwisho wa msimu anaondoka, akarithiwa na Julian Schuster, aliyekuwa nahodha wake na tayari yumo kwenye benchi la ufundi. Basi mleteni huyo kijana wa leseni, akae na Mwalimu misimu miwili. Apange koni, abebe mipira, ajue kila mtoto anatoka nyumba ipi.

Maana Mwalimu ana kaunta buku. Jalada limeshonwa kwa uzi wa magunia. Humo ameandika kila mchezaji: anaishi na nani, nani ana pumu, nani akikosa mazoezi Jumamosi ujue yuko sokoni Mwanjelwa anamsaidia mama yake kuuza ndizi. Hayo hayamo kwenye laptopu ya mtu.

Nilipokwenda likizo alinifungulia ukurasa wangu. Wino umefifia, ila unasomeka: "Beki wa kulia. Pumzi anayo. Mvivu wa kurudi."

Akacheka peke yake, akafunga daftari, akaniuliza ndege yangu ni lini.