"Tulifanya" Linavyotunyima Kazi Ugenini

Huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi ya kuajiri watu hapa Leeds, Uingereza. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne ofisi ya rasilimali watu Dar es Salaam. Nimekuwa upande wa wauliza maswali huku na kule, na kuna jambo linaniuma: vijana wetu wanaojua kazi wanashindwa usaili huku kwa sababu ya neno "tulifanya".

Mwezi uliopita tulikuwa jopo la watu watatu, nafasi ni ya msimamizi wa stoo ya dawa. Akaingia kijana ambaye kwa lafudhi tu nilijua ni wa nyumbani. Tukamwomba aeleze siku aliyogundua tatizo kazini na hatua alizochukua. Akasimulia vizuri kabisa: tuligundua dawa hazilingani na leja, tukakaa, tukahesabu upya, tukarekebisha. Kalamu yangu ilikuwa juu ya fomu ya alama, inayotaka kujua mwombaji mwenyewe alifanya nini. Nikamuuliza, "Wewe binafsi ulifanya nini?" Akatabasamu, akainamisha kichwa. "Ilikuwa kazi ya timu."

Nikaandika 2 kati ya 5. Iliniuma, maana kwa jinsi alivyozijua rafu zile na tarehe za dawa kuisha muda, sikuwa na shaka kwamba aliyekesha akihesabu maboksi ni yeye.

Nyumbani jibu lile ni adabu. Tumelelewa kwamba mtu hajisifu, anasifiwa, na mzee mmoja kwenye jopo angemsoma kijana yule usoni akajua uzito wake. Kwenye jopo letu la huku Leeds kila msailiwa anaulizwa maswali yaleyale, kila mjumbe anaandika alama zake kabla ya kujadiliana, na alama zinatokana na kilichosemwa mle chumbani. Nikimwongezea kwa kuhisi, nimemdhulumu anayesubiri nje. Kusema "nilihesabu mimi, siku tatu, nikakuta upungufu, nikamwandikia bosi wangu" si majivuno. Ni ushahidi, na anayeweza kuutoa ni wewe peke yako.

Sisi nguvu zetu tumezoea kuziweka kwenye karatasi. Aliyewahi kuomba kazi ya serikali Tanzania kupitia Sekretarieti ya Ajira anajua: nakala za vyeti zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, picha, wadhamini watatu. Nakumbuka bahasha za kaki zilivyorundikana mezani kwangu Dar, na ndani yake CV zinazoanza na dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto, halafu kazi ya miaka sita imebanwa kwenye mstari mmoja: "Mhasibu." Huku Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inanizuia kumbagua mtu kwa mambo kama dini na ndoa, na kwa kawaida siruhusiwi hata kuuliza habari za afya yako kabla ya kukupa kazi. Wengi wetu hatukumbuki kwamba hata Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa dini, kabila, ujauzito au ndoa, na inamlinda hadi anayeomba kazi. Basi iondoe mistari hiyo, hata kama unaomba ukiwa Mwanza. Nafasi iliyobaki ijaze kwa ulichofanya.

Sisemi huku ni peponi. Mwaka 2019 watafiti wa Nuffield College, Oxford, walionyesha kwamba waombaji wa jamii za wachache walilazimika kutuma maombi zaidi kwa asilimia 60 ili wapate majibu mazuri sawa na Waingereza weupe wenye sifa zilezile. Ndiyo maana nasikitika mtu akishaupenya mlango huo kisha akajificha nyuma ya "sisi".

Na kuna kitu cha nyumbani nimekileta huku kwa makusudi. Dar hatukuanza usaili bila kumuuliza mtu habari za safari na kumpa maji. Huku saa ilikuwa inaanza kuhesabu mtu hajakaa vizuri. Sasa kila jopo ninaloongoza, dakika mbili za mwanzo ni salamu, na nimeona sauti zikiacha kutetemeka.

Jambo dogo tu: ukiulizwa kama una swali, usiseme "sina, asante". Uliza miezi mitatu ya kwanza wangependa uwe umemaliza kazi gani.

Jumapili nilimfanyisha mpwa wangu mazoezi kwa simu, ana usaili wa benki Dodoma. Nikamuuliza habari za mteja mgumu.

"Tulimsaidia mama mmoja ambaye..."

"Nani alimsaidia?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mimi, mjomba."

"Ulimsaidiaje?"

Akaongea dakika saba bila kusimama, na kati ya hayo yote hakuna hata moja nililowahi kulisikia.