Mtihani Ambao Japani Haikuuchukua

Mazungumzo yakifika Mashariki ya Mbali, hakosekani mtu wa kusema kwamba Japani, Korea na Vietnam ni watoto wa China. Maandishi yametoka China, dini ya Buddha imepitia China, na kalenda, chai, hariri na vijiti vya kulia vyote vina asili kulekule. Orodha hiyo ni ya kweli. Nisichokubali ni hitimisho lake, kwamba aliyepokea vingi hana chake. Sisi wa Pwani ya Afrika Mashariki maneno ya namna hiyo tunayajua, maana hata miji yetu ya mawe iliandikwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya Waarabu na Waajemi peke yao. Kwa hiyo nikisoma habari za Japani ya makabaila, macho yangu huenda kwanza kwenye yale ambayo Wajapani waliyaona China, wakayaelewa vizuri, kisha wakayaacha.

Waliyoyachukua hayakuwa haba. Kuanzia mwaka 630 hadi 838 watawala wa Japani walituma wajumbe, watawa na wanafunzi kwenye dola ya Tang, nasaba iliyotawala China wakati huo, katika bahari iliyomeza meli nyingi. Kwa upande wa pili, mtawa Jianzhen, ambaye Wajapani humwita Ganjin, alishindwa kuvuka mara tano, akapofuka macho, na hakukata tamaa mpaka alipofika Japani mwaka 753. Mwaka 701 Japani ilikamilisha sheria kuu iliyofuata mfano wa Tang. Mwaka 710 mji mkuu ulihamia Nara, ukapangwa kwa mitaa iliyonyooka kama ya Chang'an, mji mkuu wa Tang. Hata ardhi ilitangazwa kuwa mali ya dola: mkulima anapewa shamba la mpunga, analipa kodi, na akifa shamba linarudi serikalini.

Lakini tazama jambo la vyeo. China ilikuwa ikijenga utaratibu wa mitihani ambao, kwa karne kadhaa, ulimwezesha mtu asiyetoka katika ukoo mkubwa kusoma, kufanya mtihani na kuwa ofisa wa dola. Japani nayo ilifungua chuo katika mji mkuu, ikafundisha vitabu vya Konfusio, mwanafalsafa wa China ya kale, na kutunga mitihani. Ila sheria ileile iliwapa wana na wajukuu wa wakubwa vyeo kwa sababu ya damu tu. Aliyefaulu vizuri kabisa mtihani mgumu kuliko yote alianzia daraja la nane. Mtoto wa mkubwa wa daraja la kwanza alianzia daraja la tano, hata kama hajawahi kushika brashi ya kuandikia. Mimi naona hapo ndipo historia ya Japani ilipokata kona. Chuo kilikuwepo, vitabu vilikuwepo, walimu walikuwepo, lakini koo kubwa zilihakikisha elimu haigusi nafasi zao.

Jambo la pili lililoachwa ni agizo la mbingu. Wachina waliamini kwamba mfalme hutawala kwa idhini ya mbingu, na akiwa dhalimu idhini hiyo huondoka, nasaba nyingine ikashika kiti. Mensio, mwanafunzi mkubwa wa mafundisho ya Konfusio, alilieleza hilo bila kuficha. Huko Japani ukoo wa mfalme ulihesabiwa kuwa umetokana na mungu wa jua, kwa hiyo wazo hilo halikupata pa kukaa. Mwandishi mmoja wa China wa zama za Ming alisimulia kwamba meli inayobeba kitabu cha Mensio kwenda Japani huzama njiani. Kitabu kilifika na kilisomwa, lakini simulizi hiyo inaonyesha kwamba hata Wachina walikuwa wametambua kuna kitu ambacho jirani yao hakitaki.

Changanya mambo hayo mawili uone yalivyozaa. Mfalme haondolewi, na msomi hapandi. Basi nguvu ikatafuta njia nyingine. Mwaka 743 serikali iliruhusu anayefungua shamba jipya kulimiliki daima, na wenye uwezo wa kufungua mashamba walikuwa mabwana na mahekalu. Polepole ardhi ya dola ikageuka kuwa milki zao, nyingi zikiwa hazilipi kodi. Mwaka 792 jeshi la wakulima walioandikishwa kwa lazima, lililoigwa kutoka Tang, lilivunjwa karibu nchi nzima, na kazi ya silaha ikawaangukia wapanda farasi wa familia zenye nguvu mikoani. Hao ndio mababu wa samurai. Mwaka 1185 ukoo wa Minamoto uliwamaliza wapinzani wao, ukoo wa Taira, katika vita vya majini vya Dan-no-ura, na mwaka 1192 Minamoto no Yoritomo akapewa cheo cha shogun, yaani jemadari mkuu. Alitawala kutoka Kamakura, huku mfalme akibaki Kyoto na heshima zake zote. Tangu hapo, isipokuwa vipindi vifupi, Japani iliongozwa na watu wa upanga hadi 1868.

Majirani walichagua vingine. Korea ilianzisha mitihani mwaka 958, enzi ya mfalme Gwangjong, ambaye alitaka hasa kupunguza nguvu za mabwana. Wanajeshi waliipindua serikali huko mwaka 1170 na kutawala karibu miaka mia, lakini hata wao waliendelea kuwaita wasomi kwenye mitihani, kwa kuwa nchi haikujua namna nyingine halali ya kupata maofisa. Vietnam ndiyo inayonigusa zaidi. Ilikuwa chini ya China kwa takriban miaka elfu, ikajikomboa kwa vita vya mto Bạch Đằng mwaka 938, na mwaka 1075, ikiwa huru na ikiwa vitani na China ya nasaba ya Song, ikaitisha mitihani yake yenyewe kwa mfano wa Kichina. Katika Hekalu la Fasihi mjini Hanoi yapo mpaka leo mawe 82 yaliyobebwa na kobe wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu. Ukiyaona mawe hayo utasema watu hawa ni nakala? Walimfukuza mtawala, wakabaki na kile walichoona kinawafaa.

Sisemi Korea ilikuwa pepo. Ilikuwa na watumwa wengi, na kadiri karne zilivyokwenda mitihani iligeuka kuwa mali ya familia za yangban, yaani mabwana wa Korea. Wanawake hawakuruhusiwa kokote. Nasema tu kwamba kijana wa Korea au wa Vietnam aliambiwa ukubwa unapatikana vitabuni, wa Japani akaambiwa unapatikana katika kuzaliwa, na tofauti hiyo si ndogo.

Huko Japani, aliyeufunga kabisa mlango wa mtu wa chini kupanda ni mtu ambaye yeye mwenyewe aliupitia. Toyotomi Hideyoshi alizaliwa familia ya chini, akapanda kwa vita mpaka akaishika Japani nzima. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, na 1591 akapiga marufuku mkulima kuacha shamba lake na askari kugeuka mkulima. Watokugawa, ukoo wa mashogun waliomrithi, wakaendeleza mpango huo, na hapo ndipo China ikarudi kwa mlango wa nyuma. Mafundisho ya Konfusio yalipanga watu katika makundi manne: msomi, mkulima, fundi, mfanyabiashara. Wanazuoni wa Japani waliuchukua mpango huo mzima, wakamweka samurai kwenye nafasi ya msomi.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona samurai anavyosifiwa mitandaoni kana kwamba ni Ujapani mtupu usioguswa na mgeni. Uhalali wake katika zama za Tokugawa ulitoka katika vitabu vya Kichina. Na kwa zaidi ya miaka 200 ya amani wengi wao walikuwa maofisa wa karatasi, wakilipwa kwa mchele uliopimwa kwa koku, kipimo cha lita 180 hivi, kiasi kilichohesabiwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Mchele huo ulilimwa na watu waliokatazwa kuwa kitu kingine chochote. Ukiwasifu wenye panga, wakumbuke na hao.

Baada ya 1868 mambo yalikwenda haraka. Majimbo ya makabaila yalifutwa 1871, na samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani 1876. Kisha Japani ikaanza kuwapata maofisa wake kwa mitihani, safari hii kwa kuiga Ulaya, ambako Waingereza walikuwa wamebishana sana kuhusu mfano wa China kabla ya kuanzisha mitihani yao. Mtihani wa maofisa wa juu wa Japani ulianza mwaka 1894. Mwaka huohuo Korea iliifuta mitihani yake, baada ya miaka 936.