Fundi kijana, achana na sanduku la spana mia

Wiki hii nimeona bomba la breki la Toyota Noah likikatwa kwa msumeno, na bomba lenyewe halikuwa na kosa lolote. Mwenye gari, mama mmoja mfanyabiashara, alikuja kubadilishiwa silinda ya breki ya tairi la nyuma, kazi ya kawaida kabisa. Kijana aliyekabidhiwa ametoka chuo cha ufundi cha VETA juzi juzi, ana adabu na kichwa chake kinashika haraka. Akafungua sanduku lake jipya la plastiki, akatoa spana ya milimita 10, akaivalisha kwenye nati ya bomba, akavuta. Mdomo wa spana ukapanuka, pembe za nati zikalika. Akavuta tena, nati ikawa duara. Ikaletwa plaizi ya kung'ata, bomba likajinyonga pamoja na nati. Basi likakatwa, likatafutwa jingine, na mama akalipa bomba ambalo hakuwa na shida nalo.

Nimekasirika, na sina hasira na yule kijana. Hasira yangu ni kwetu sisi tuliomtangulia, tunaowaambia vijana kila mwaka: "Nunua seti yoyote uanze kazi, spana ni spana."

Spana mbovu hailipiwi na fundi. Inalipiwa na mwenye gari, na hilo ndilo linaloniuma. Nati iliyoliwa pembe leo, mwakani fundi mwingine ataikuta hivyo hivyo na ataitoa kwa tindo na nyundo. Bolti itakatikia ndani ya bloku, ataitwa mtu wa kuchomelea aweke nati juu yake, na ikishindikana, drili. Hasara yote hiyo imeanzia kwenye chuma laini cha bei ya chini. Halafu tunashangaa wateja wakisema mafundi wa mtaani wanaharibu magari.

Kwa kazi ya bomba la breki spana yake ipo. Ni spana ya ringi, yaani ya duara, iliyoachwa uwazi upande mmoja ili ipite kwenye bomba, kisha inaikumbatia nati karibu pande zote. Spana ya mdomo inashika pande mbili tu, na nati zile ni laini, zimekula maji na vumbi miaka mingi. Kila gereji inayogusa breki inatakiwa kuwa nayo ya 10, na iwe ya chuma kizuri, kwa sababu kwa ule uwazi wake ikiwa laini nayo itapanuka vile vile.

Spana za boksi, zile za kuvalisha juu ya nati, nazo ni hivyo hivyo. Chukua boksi nzuri uichungulie ndani: kwenye kona pamechimbwa kidogo, ili nguvu iende kwenye ubapa wa nati na si kwenye pembe yake. Snap-on ya Marekani walianza kuuza boksi za namna hiyo miaka ya 1960, na leo viwanda vingi vinatengeneza hivyo. Chagua za pembe sita. Za pembe kumi na mbili zina kazi zake, lakini kwenye nati iliyochoka zinateleza.

Sasa tazama magari tunayofungua kila siku: IST, Vitz, Spacio, Noah, Hilux. Chini ya boneti ni 10, 12 na 14. Ukishuka kwenye miguu unakutana na 17 na 19. Nati za tairi ni 21. Ile 13, 15, 16 na 18 ndani ya sanduku lako zinasubiri Volkswagen, na huenda isije mwaka mzima. Kwa nini ulipie vipande mia wakati mkono wako unarudi kwenye vilevile saba au nane? Hela hiyo hiyo nunua ringi chache za maana, moja moja, kadiri kazi inavyokuja.

Pita Gerezani, Dar es Salaam, uliza spana na boksi za mtumba za Japani. KTC, Tone, Koken: hata kama rangi imefifia na kuna mikwaruzo, mdomo bado uko sawa. Usidanganywe na maandishi ya "Chrome Vanadium", maana hayo kila kiwanda kinaweza kuyagonga. Nenda na nati mpya mfukoni, ivalishe spana, itikise. Ikicheza sana, irudishe mezani.

Bisibisi ya nyota nayo: skrubu za pikipiki na magari ya Kijapani zina mkato wao, na nyingi utaziona na kidoti kidogo kichwani. Tafuta bisibisi ya Kijapani, Vessel kwa mfano. Nyingine inapanda juu na kula kichwa cha skrubu.

Na tafadhali, boksi zinazong'aa msizifunge kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati. Zinapasuka, na kipande kinaweza kuingia jichoni.

Nakubali, nyundo, tindo na beseni la kumwagia oili nunua za bei yoyote. Nakubali pia kwamba kijana anayeishi kwa posho ya siku, na kodi ya chumba inamsubiri, hawezi kuamka asubuhi akanunua Koken. Na spana nzuri huibiwa, hilo nalo ni kweli.

Ndiyo maana naongea na wenye gereji wenzangu. Tunakata kamisheni kwa kila gari wanalofunga hawa vijana, na kazi ikiharibika jina linalochafuka ni la gereji. Wanunulieni ringi ya 10, 12 na 14 za kueleweka, muwakate kidogo kidogo kila Jumamosi hadi deni liishe, na spana zibaki zao hata wakihama. Mimi wa kwangu naanza naye Jumatatu, na ya kwanza kununuliwa ni ile ya bomba la breki.