Umeme wa Ethiopia: jambo sahihi lililotetewa kwa hoja dhaifu

Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Tanzania itanunua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu aliyoitaja ni kwamba kusafirisha umeme kutoka kusini hadi kule kunatupotezea Sh 32 bilioni kwa mwaka. Hapa Dar es Salaam kauli hiyo ilipokewa kwa mshangao, na kwa wengi kwa hasira. Bwawa la Julius Nyerere, la mto Rufiji, lenye mkataba wa Sh 6.5 trilioni, lilikuwa linakaribia kuwasha mtambo wake wa tisa na wa mwisho. Uwezo wa kuzalisha ulikuwa unaelekea megawati 4,000, huku matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yakiwa takribani megawati 1,900. Mwenye kisima anaombaje maji kwa jirani?

Swali hilo ni halali na lilistahili jibu zuri kuliko lililotolewa. Kununua umeme huo, kwa maoni yangu, ni jambo sahihi. Tatizo ni kwamba serikali ilichagua sababu dhaifu kuliko zote ilizokuwa nazo, na sababu zenye uzito zikabaki kwenye mafaili ya wataalamu.

Tuanze na wanaopinga. Bwawa lile tulilijenga kwa fedha zetu, huku UNESCO na mashirika ya uhifadhi yakipinga kwa sababu liko ndani ya pori la akiba la Selous. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na katikati hapo wananchi waliambiwa mara nyingi kwamba likikamilika tutaaga mgao na kuuza umeme nje. Aliyevumilia mgao wa mwishoni mwa 2023, akanunua petroli ya jenereta ili samaki wasiharibike kwenye friji, ana haki ya kuuliza iweje muuzaji ageuke mnunuzi kabla hajauza. Halafu kuna makovu ya mikataba. IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme ya miaka ya 1990, ilitufundisha maana ya kulipia mitambo iwe imewashwa au imezimwa. Mkataba wa dharura wa Richmond, uliozaliwa na ukame wa 2006, ulimfanya Edward Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008. Kwa historia hiyo, Mtanzania akisikia "mkataba wa kununua umeme" anashika mfuko wake kwanza, na simlaumu.

Sasa tuitazame ile Sh 32 bilioni, maana ndiyo iliyobeba mjadala wote. Mteja wa kawaida hulipa karibu Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, zinazoifikisha kwenye zile Sh 356 tunazozijua kwenye LUKU, mita za kulipa kabla. Ukigawanya Sh 32 bilioni kwa Sh 292 unapata uniti zipatazo milioni 110. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo hizo ni kama megawati 12 na nusu zinazovuja usiku na mchana. Ukisema bei hiyo ni ya rejareja na ukaikata nusu, unafika megawati 25. Kiasi kilichotajwa kununuliwa Ethiopia ni megawati 100. Ukizitumia mwaka mzima bila kuzima, ni uniti milioni 876. Hata tukizikadiria kwa bei ya kufikirika ya Sh 150 tu kwa uniti, bili inapita Sh 131 bilioni. Huwezi kumweleza mtu mwenye akili zake kwamba unatumia zaidi ya Sh 100 bilioni ili kuokoa 32, wakati maji ya Rufiji yanapita kwenye mitambo ambayo tayari umeshaijenga. Hesabu hiyo watu waliipiga kwa vichwa tu, na waliipiga sawasawa.

Hoja ya umbali nayo ina shida. Njia ya umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa kilomita 1,045, na kutoka hapo bado kuna safari ya Isinya, Namanga na Arusha. Rufiji iko karibu zaidi. Ni kweli kwamba upotevu hautegemei kilomita peke yake. Mkondo ukiwa mara mbili kwenye waya uleule, upotevu unakuwa mara nne, ndiyo maana umeme wa mbali hupandishwa msongo ili mkondo upungue. Njia ya Ethiopia ni ya kilovolti 500 na ya mkondo mnyoofu, aina inayovumilia safari ndefu. Kanda ya Kaskazini kwa miaka mingi ililishwa na njia ya kilovolti 132 inayopanda kutoka Hale kupitia Same, na ya kilovolti 220 kutoka Singida kupitia Babati. Aliyeko Moshi anajua jinsi umeme ulivyokuwa unafika ukiwa hafifu, taa zikififia jioni. Lakini njia ya kilovolti 400 kutoka Singida hadi Namanga, iliyounganishwa na Kenya Desemba 2024, inapita Arusha. Njia ileile itakayoleta umeme wa Ethiopia inaweza kuleta umeme wa Rufiji. Kwa hiyo hoja ya upotevu inapungua nguvu kila njia zetu za ndani zinapoimarika, na lazima ziimarike, hasa ule mshipa wa Chalinze hadi Dodoma ambao bwawa linauhitaji ili lifike katikati ya nchi.

Hapa wengi hufunga mjadala, na hapa ndipo ulipaswa kuanza. Tukiweka shilingi pembeni tukatazama ramani ya mito, tutaona tumeweka kiasi gani cha umeme wetu mahali pamoja. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Kidatu ni 204, Kihansi 180, Mtera 80. Vyote vinne viko kwenye bonde moja, la Rufiji, linalolishwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Jumla yake ni megawati 2,579. Kwa uwezo wa nchi unaozidi kidogo megawati 4,000, zaidi ya asilimia 60 ya mitambo yetu inasubiri mvua za mikoa ileile: Mbeya, Njombe, Iringa, Morogoro, Ruvuma. Kabla ya bwawa jipya, vituo vyote vya maji vilivyokuwa kwenye gridi vilifikia megawati 561 pamoja na Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ndiyo ilibeba nchi. Sasa tumerudi kwenye maji kwa nguvu kuliko wakati wowote katika miaka ishirini iliyopita.

Na tunajua maji hufanya nini. Mtera ikishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo huzimwa. Tumeifikia hali hiyo. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, vituo vya maji vilizalisha kama megawati 105 tu kati ya 561. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa kutokana na kilimo cha umwagiliaji na mifugo kule Usangu. Kilombero, unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, nao umezungukwa na mashamba yanayopanuka. Bwawa la Nyerere ni kubwa, lina nafasi ya mita za ujazo bilioni 33 hivi, na ukubwa huo utalisaidia kuvuka mwaka mmoja mbaya. Miaka miwili mibaya mfululizo ni habari nyingine.

Ethiopia mvua yake kubwa hunyesha Juni hadi Septemba. Abbay, yaani Nile ya Bluu, hujaa Agosti. Bonde la Rufiji hupata mvua kati ya Novemba na Mei, mto ukajaa Aprili, kisha ukapungua mwezi kwa mwezi hadi Oktoba na Novemba, miezi ile ambayo Dar huwa tunaanza kusikia maneno ya "kina cha maji kimeshuka". Wao wanavuna maji wakati sisi tunatumia akiba. Mito hii miwili ikiunganishwa kwa waya, kila mmoja unampumzisha mwenzake. Megawati 100 kati ya Julai na Novemba zinamaanisha maji yanayobaki nyuma ya ukuta wa Rufiji kungoja Desemba ambayo huenda vuli ikachelewa. Kama Ikulu ingesema hivyo, kwamba tunanunua akiba ya miezi ya ukavu, nadhani hata wakali wa mitandaoni wangesita kidogo.

Nisiipambe kupita kiasi. El Niño ambayo hutuletea mvua nyingi za vuli huwanyima Ethiopia mvua zao za katikati ya mwaka, na hilo ni zuri kwa kubadilishana. Lakini 2015 Ethiopia ilipata ukame mkali, na Oktoba ya mwaka huohuo ndiyo mitambo yetu ilikuwa imekauka. Kinga ingekuwa nyembamba sana mwaka ule. Kilichobadilika tangu hapo ni Bwawa lao la Renaissance, la kwenye Abbay, lililozinduliwa Septemba 2025 likiwa na megawati 5,150 na nafasi ya mita za ujazo bilioni 74, zaidi ya mara mbili ya letu. Bwawa la ukubwa huo hubeba mvua ya mwaka huu hadi mwaka ujao.

Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu ni wa mwanzoni mwa 2024. Mvua zilikuwa nyingi kwetu, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa Februari, na haukupita muda serikali ikatangaza kwamba vituo vitano vya maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Miezi ileile, jirani yetu Zambia, inayotegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na bwawa lake la Kariba likashuka hadi nchi ikaingia kwenye mgao mzito. Sisi tulizima mitambo, wao walikaa gizani, na kati yetu hapakuwa na njia kubwa ya kupitisha umeme. Maji yaliyopita Rufiji bila kuzungusha mtambo yaliishia baharini. Njia ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Zambia ndiyo ilikuwa bado inajengwa. Kila megawati tuliyoshindwa kuwauzia ilikuwa fedha ya kigeni tuliyoiacha.

Na kununua kwa jirani si jambo geni kwetu. Bukoba imewashwa na umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na Sumbawanga umeme wa Zambia. Rusumo, yenye megawati 80, tunaimiliki pamoja na Rwanda na Burundi. Hakuna aliyeandamana. Labda kwa sababu Bukoba iko mbali na Kariakoo. Sisi wa Dar tuna vituo vya gesi vya Kinyerezi na Ubungo mlangoni, na Bwawa la Nyerere linatufikia kupitia Chalinze, hivyo ni rahisi kwetu kusema umeme upo. Upo kwetu.

Hatari ya kweli ninayoiona ni nyingine. Ethiopia imetoka kwenye vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022 na bado haijatulia kila mahali. Bwawa lao lina mgogoro na Misri, nchi ambayo kampuni zake, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ndizo zilizotujengea la kwetu, kwa hiyo mazungumzo haya yanahitaji diplomasia ya uangalifu. Gridi zilizoungana huambukizana pia: Septemba 2024 njia ya umeme wa upepo ya Loiyangalani, Kenya, ilipokatika pale Suswa, ile ya Ethiopia nayo ikakatika, na sehemu kubwa ya Kenya ikazima. Ila megawati 100 si kitanzi. Ni chini ya nusu ya mtambo mmoja kati ya tisa ya Rufiji, ambapo kila mmoja ni megawati 235, na ni kama asilimia tano ya matumizi yetu ya juu. Ethiopia ikikata leo, Kinyerezi peke yake inaweza kuziba pengo hilo, mradi gesi ipo na mitambo imefanyiwa matengenezo.

Kwa hiyo ningewaomba wanaopinga wahamishe hasira yao kutoka kwenye ununuzi waipeleke kwenye karatasi. Je, tunalipia uniti zilizopimwa Namanga, au tunalipia hata tusipochukua, kama ilivyokuwa kwa IPTL? Kenya inatoza kiasi gani kwa kupitisha? Mkataba unaruhusu kupunguza ununuzi masika, Rufiji inapofurika, na kuongeza kuanzia Julai? Je, waya huohuo unaturuhusu kuwauzia Kenya Aprili kwa bei ileile tunayonunulia Agosti? Ukijibiwa kwamba tunalipa megawati 100 kila saa ya mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, mimi pia nitakuwa upande wenu. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina mamlaka juu ya bei na mikataba ya umeme. Ingeanza kwa kuweka majibu hayo hadharani, kwa Kiswahili, kabla uniti ya kwanza haijasomwa kwenye mita ya Namanga.